Mteknolojia wa maabara: niombe epidemiolojia ya miaka miwili, au nianze na ile ya miezi mitatu?

Binti Darubini:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mteknolojia wa maabara hospitali ya wilaya, mwaka wa sita kazini, nina shahada na mtoto wa miaka miwili. Masika iliyopita tulipokea wagonjwa wa kuhara zaidi ya kumi kutoka kijiji kimoja ndani ya siku nne. Tukachukua kinyesi kwenye vikopo vya kawaida, tukasubiri gari. Likaja siku ya tatu. Majibu yakarudi: hakuna kilichoota. Wakati huo mzee mmoja na mtoto mmoja walishazikwa. Baadaye ndipo nikajua wengi wao walikuwa wameshaanzishiwa antibiotiki kabla hatujachukua sampuli. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Linaniuma mpaka leo.

Sasa nataka kusomea haya mambo ya milipuko. Kuna FELTP (mafunzo ya epidemiolojia, yaani kuchunguza milipuko uwandani na maabara) ya miaka miwili pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, na kuna ile fupi ya ngazi ya kwanza, ya miezi mitatu. Maabara tuko watatu tu, na bosi ameshaanza kuguna. Nishaurini.

Kipimajoto:
Pole sana dada. Nimepitia zote mbili, na ningekuambia uanze na fupi. Haikuondoi kituoni: unakaa darasani siku chache kwa awamu, halafu unarudi kuchambua takwimu za wilaya yako mwenyewe. Mimi nilichora grafu ya kuhara ya miaka mitatu nikakuta wagonjwa wanapanda wiki zilezile kila mwaka. Fomu tulikuwa tunazijaza na kuzituma mkoani, basi. Hakuna aliyewahi kukaa akaziangalia.

Na kuhusu zile sampuli: ukishuku kipindupindu, chukua kabla ya antibiotiki, weka swabu kwenye mrija wa Cary-Blair (ute maalumu wa kusafirishia sampuli), usiuweke kwenye friji. Humo kimelea kinastahimili safari. Kinyesi kitupu kwenye kikopo kinatakiwa kifike maabara ndani ya saa mbili. Siku tatu? Hata kama kimelea kilikuwepo, huenda kisingeota.

Mfuatiliaji wa Kusini:
Mkuu hapo juu, sikubaliani nawe. Mwenye shahada na miaka sita kazini aombe ya miaka miwili moja kwa moja. Kumbukeni Ruangwa, mkoani Lindi, 2022. Watu wana homa, wanatokwa damu puani, wanaanguka kwa uchovu. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vyote hasi. Wengi wetu tungefunga faili hapo. Waliobaki kutafuta ndio waliogundua ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa wanyama, ukatangazwa Julai: wagonjwa 20, vifo 3. Kutoka kwenye "hasi" mpaka kwenye jina la ugonjwa unahitaji mtu wa maabara anayejua kumhoji mgonjwa, na wa uwandani anayejua kipimo gani kiombwe. Hilo halijengeki kwa miezi mitatu. Kwenye ile ya miaka miwili, robo tatu ya muda uko kazini, unatumwa kwenye milipuko halisi chini ya mlezi.

Mkamba wa Makueni:
Salamu kutoka Kenya. Sisi programu hii ilianza 2004, na mwaka huohuo huku kwetu Makueni, Kitui na wilaya nyingine watu 317 waliugua ini kwa sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka), 125 wakafa. Maabara ilipima mahindi ikaikuta sumu. Lakini ni kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba, wagonjwa na wazima, ndipo ikaonekana kwamba waliohifadhi mahindi yakiwa mabichi ndani ya nyumba ndio walioumia zaidi. Dada, ukienda kusoma usijifungie benchi. Omba uende vijijini.

Mama Nuru:
Mwanangu, mimi nizungumzie nyumbani. Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi, na ujue mshahara unaendelea au hauendelei. Uliza pia nani analipa ada. Tangu Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025 miradi mingi ya afya imetikisika, usije ukaacha mtoto ukakuta pesa haipo. Bosi wako naye ana haki ya kuguna. Mpelekee jina la mwenzako utakayemwachia kazi, na umfundishe kuanzia sasa.

Binti Darubini:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeamua kuomba ile fupi mwaka huu, ya MUHAS nitaomba mtoto akianza shule. Mfuatiliaji, najua hutafurahi, ila siwezi kuacha benchi la watu wawili kabla sijamwandaa mmoja.

Leo nimepita wodini, nikawaomba manesi waandike kwenye fomu ya kipimo saa mgonjwa alipoanza dawa. Wamekubali. Stoo nimekuta mirija mitano ya Cary-Blair, miwili imeshapitwa na muda. Kipimajoto, ile grafu ulianzaje kuichora? Nina vitabu vya wagonjwa wa nje tangu 2021 hapa mezani.