Dexter: muuaji wa wauaji, mnamtetea au mnamhukumu?

Msukuma Mkokoteni: Nimerudia tamthilia ya Dexter tangu msimu wa kwanza (2006). Mchana jamaa anachunguza madoa ya damu polisi Miami. Usiku anamfunga muuaji mezani kwa nailoni, anamchana shavu, tone la damu anabaki nalo kwenye kijioo. Anamaliza wale walioishinda mahakama. Mimi namtetea. Na yule askari mwenzake, Doakes, kilimponza kiherehere.

Mama Chanja: Kiherehere? Askari kamshuku mwenzake, kamfuatilia, kweli ni muuaji. Si ndiyo kazi anayolipwa?

Msukuma Mkokoteni: Dada, anamwinda mtu bila kibali, matusi kila asubuhi!

Mama Chanja: Haya, na Dexter kibali cha kuchinja kapewa na nani? Marehemu baba yake?

Kobe Mbio: 😂😂 Ila mmemsahau mpiga picha wa msimu wa nne, Farrow kama sikosei. Dexter kamchinja, kumbe muuaji ni msaidizi wa Farrow. Kanuni ya mzee Harry, baba yake Dexter, si inataka uhakika?

Msukuma Mkokoteni: Doakes hakuuawa na Dexter, mwache kumsingizia. Lila, mpenzi wa Dexter, ndiye alilipua kibanda.

Mama Chanja: Na kwenye kizimba alifungiwa na nani? Tena akafa akabebeshwa maiti zote za Dexter. Bosi wao LaGuerta kajaribu kumsafisha jina, naye akaliwa.

Msukuma Mkokoteni: Mumeo askari nini?

Mama Chanja: Mume wangu seremala, na hakuhusu. Jibu hoja.

Tumbili Mstaafu: Huku kwetu mtu akiitiwa "mwizi!" tairi linafika kabla ya polisi. Kila aliyeshika kiberiti anajiona Dexter.

Msukuma Mkokoteni: Usichanganye mambo. Yule anapeleleza kwanza.

Kobe Mbio: Farrow je?

Saida wa Forodhani: Mimi ananiuma Rita, mke wa Dexter. Yule muuaji Trinity angekabidhiwa polisi mapema, yule mama asingekutwa kwenye beseni la damu, mtoto analia sakafuni. Dexter alitaka amchinje mwenyewe.

Tumbili Mstaafu: Dhambi kubwa ni mwisho wa 2013. Stelingi mzima anaishia kukata magogo Oregon!

Saida wa Forodhani: Ndiyo maana mwanawe alikuja kumtandika risasi.

Msukuma Mkokoteni: Aisee! Huko sijafika!

Saida wa Forodhani: Pole kaka. 2025 karudi, mzima.

Msukuma Mkokoteni: Unaendelea tena??