Maumbo yaliyoongezwa kwa python-pptx hayaonekani kwenye slaidi

Karani wa Lang'ata

Hamjambo wenzangu. Kila mwezi ofisi yetu hapa Nairobi huandaa slaidi za kuonyesha kazi ilivyoendelea katika maeneobunge yote 17 ya kaunti. Slaidi ya kwanza huwa na visanduku 17, kila kimoja kikiwa na jina la eneobunge, asilimia ya kazi iliyokamilika, na rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Nimekuwa nikivichora kwa mkono kimoja baada ya kingine, na kila nikifika kwenye Embakasi zote tano huwa nimekwisha kuchoka. Sasa nimeandika programu fupi ya Python, inayotumia maktaba ya python-pptx (mkusanyiko wa amri zilizo tayari za kutengeneza faili za PowerPoint), isome jedwali na kuvichora yenyewe. Programu inakwenda hadi mwisho bila kutoa kosa lolote na faili inafunguka vizuri katika PowerPoint, lakini slaidi ni tupu. Katika amri ya add_shape nimetaja mstatili wenye pembe za mviringo, kisha nikaandika 2, 3, 5 na 2, nikikusudia sentimita 2 kutoka kushoto, 3 kutoka juu, upana wa 5 na kimo cha 2. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Kompyuta, Ngara

Ndugu Karani, visanduku vyako vimo. Fungua slaidi hiyo, ubonyeze Ctrl na A pamoja, nawe utaona alama za kuchagua umbo zikiwa zimesongamana kwenye pembe ya juu kushoto. Faili za PowerPoint hazipimi kwa sentimita wala kwa inchi, bali kwa kipimo kidogo mno kiitwacho EMU: sentimita moja ina EMU 360,000, na inchi moja ina 914,400. Ulipoandika 5 peke yake, uliomba kisanduku chenye upana wa EMU 5, ambacho hakuna jicho litakaloweza kukiona. Maktaba haikulalamika kwa sababu 5 ni namba kamili na inakubalika kabisa.

Andika Cm(2), Cm(3), Cm(5) na Cm(2), nayo maktaba itakufanyia hesabu. Kuhusu rangi, ita kwanza fill.solid(), amri ya kulijaza umbo rangi moja, ndipo utaje rangi yenyewe; ukiruka hatua hiyo, hapo ndipo utakapopata kosa la wazi.

Karani wa Lang'ata

Ahsante sana, Mwalimu, vimeonekana. Hata hivyo yamezuka mengine mawili. Visanduku vyote vimejibana upande wa kushoto na kuacha nafasi kubwa kulia, ilhali nilipofanya majaribio bila kiolezo cha ofisi vilienea vizuri. Pili, niliongeza mstatili mkubwa wa kijivu uwe mandharinyuma ya visanduku, lakini umevifunika vyote.

Fundi wa Kasarani

Hilo la kwanza linatokana na kiolezo. Usipoipa python-pptx kiolezo chako, hutumia chake chenye upana wa inchi 10, yaani sentimita 25.4, na bila shaka kiolezo cha ofisi yenu ni kile kipana cha sentimita 33.867. Usiandike upana huo ndani ya programu. Usome kutoka kwa faili kupitia slide_width, kisha ugawanye. Kwa mfano, ukipanga visanduku sita kwa kila mstari, ukaacha sentimita 1.5 kila pembeni na nusu sentimita kati ya kisanduku na kisanduku, kila kimoja kitapata takriban sentimita 4.7. Gawa kwa alama ya // ili ubaki na namba kamili. Siku ofisi itakapobadilisha kiolezo, hutalazimika kuanza hesabu upya.

La pili ni la mpangilio: umbo linaloongezwa mwisho ndilo hukaa juu. Chora ule mkubwa kwanza, kisha visanduku. Maktaba haina amri maalumu ya kupeleka umbo nyuma. Inawezekana kulihamisha ndani ya mti wa XML wa slaidi, yaani maandishi ya ndani ya faili yanayoorodhesha maumbo, lakini sioni haja ya kujitesa hivyo wakati kubadilisha mpangilio wa mistari miwili kunatosha.

Mwalimu wa Kompyuta, Ngara

Naongeza kwamba huo mstatili wa kijivu haupaswi kuwa ndani ya programu hata kidogo. Uchore mara moja kwenye mpangilio wa slaidi (layout) ndani ya kiolezo, uiachie programu yale tu yanayobadilika mwezi hadi mwezi. Kitu kisichobadilika kikiingizwa kwenye msimbo, mwenzako asiyejua Python hataweza kukirekebisha.

Jihadhari pia na maandishi. Umbo jipya huja na maandishi yanayofuata rangi nyepesi ya mandhari (theme) ya faili, ambayo kwa kawaida ni nyeupe, na nyeupe juu ya manjano haisomeki. Weka rangi ya fonti wewe mwenyewe. Majina marefu kama Dagoretti Kaskazini yatakatika kuwa mistari miwili kwa ukubwa wa kawaida wa pointi 18, kwa hiyo ongeza kimo cha kisanduku au upunguze fonti. Maktaba haitakuonya maandishi yasipotosha ndani ya umbo, kwa hiyo fungua faili utazame mwenyewe.

Karani wa Lang'ata

Nimefuata yote. Mistari mitatu ya visanduku sita, fonti ya pointi 14, maandishi meusi kwenye manjano. Kwa kuwa wakubwa wetu huchapisha slaidi kwa rangi nyeusi na nyeupe, kijani na nyekundu zilitoka kijivu kilekile, nami nikaongeza neno "imekamilika", "inaendelea" au "imechelewa" chini ya kila asilimia. Nafasi ya kisanduku cha 18 imebaki wazi, nikaitumia kuweka ufunguo wa rangi.