Waifai ya bure Mwanza: wapi panafaa kwa mtu wa kazi?

Msafiri_Kanda
Heshima kwenu wakuu. Nahariri maandishi kwa kampuni moja ya London, kazi yote mtandaoni. Nakuja Mwanza kukaa kidogo, kisha naelekea Bukoba. Bando linanimaliza. Naomba wenyeji mnilinganishie waifai za bure: migahawa, lodge, hoteli za ufukweni, maktaba. Napakia mafaili na nina vikao vya video, kwa hiyo ya kuchati tu hainitoshi.

BintiMakoroboi
Karibu Rock City mkuu. Kwanza tuelewane: bure ya hapa inalipiwa kwa mlango wa nyuma. Mgahawani utaagiza chai, kisha soda, kisha utaona aibu uagize na chipsi. Ukijumlisha, bando la siku lilikuwa nafuu. Hata hivyo mimi nachagua mgahawa wa katikati ya mji, asubuhi. Watu wa chakula cha mchana wakishaingia kila simu inajiunga, mtandao unakufa.

Hoteli za Capri Point mandhari yake usiseme, lakini rauta ipo mapokezi na wewe umekaa bustanini unatazama ziwa. Ukiona mtandao una majina mawili, ukiwa mbali jiunge na ule wa 2.4 GHz. Ule wa 5 una kasi ila ukuta unaushinda.

SatoMkavu
Lodge usiamini kibao cha mlangoni. Kabla hujalipa, omba paswedi, panda mpaka chumbani, pima. Na usipime kushusha tu, pima na kupakia, ndiko wengi wanakoumia. Kuna lodge nililala upande wa Nyegezi, video zilikuwa zinatiririka vizuri, ila kutuma faili dogo ilikuwa kesi. Zoom wenyewe kwa kikao cha watu wawili wanapendekeza kbps 600 (kilobiti kwa sekunde) kwenda na kbps 600 kurudi. Ukikosa hiyo zima kamera, sauti peke yake haifikishi hata kbps 100.

JiweLaBismarck
Wote mmesahau umeme! Ukikatika, rauta ya mgahawa imekufa hapo hapo, wakati minara ya simu mingi ina betri au jenereta. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhudumu ni kama wana inveta, paswedi baadaye.

Kikao mimi sikiweki kwenye waifai ya bure hata siku moja. Piga hesabu kwa hizo kbps 600 za Sato: saa moja ni kama MB 540, kwenda na kurudi. Hizo nunua bando. Yale mazito, kushusha mafaili na masasisho, yasubiri waifai. Na ukiunga kompyuta kwenye data ya simu, ingia mipangilio ya Windows uitambulishe kuwa mtandao unaolipiwa kwa kipimo, la sivyo itakula bando lote kimyakimya.

Maktaba ya mkoa ni ya kuhariri, kimya na meza ipo. Kikao humo utafukuzwa.

Msafiri_Kanda
Nimewaelewa. Vipi usalama? Nabeba mikataba ya watu.

FundiRuta
Tovuti nyingi siku hizi zinatumia HTTPS, yaani data inasafiri imefungwa kwa siri, kwa hiyo jirani wa meza ya pili hasomi unachoandika. Hatari kubwa ni mtandao bandia wenye jina kama la mgahawa. Muulize mhudumu jina kamili, na uzime ile ya simu kujiunga yenyewe. Mambo ya benki fanya kwa data yako. Kama kampuni inakupa VPN (programu ya kupitisha mtandao wako kwa njia ya siri), kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba 2023 walitaka watumiaji wa VPN wajisajili. Limalize hilo mapema.

BintiMakoroboi
Fundi, hapo kwenye mtandao bandia nakuunga mkono. Stendi nimeshaona majina ya ajabu ajabu.

MhayaWaKashai
Bukoba unakujaje? Ukipanda meli usiku, tuma kazi yote kabla haijang'oa nanga, katikati ya ziwa mtandao unapotea. Kwa basi siku hizi unapita daraja la Kigongo–Busisi, limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3, kusubiri kivuko kumekwisha. Njiani mtandao upo na kupotea, wa kujibu barua pepe tu.

Mimi ningechukua meli. Saa tatu asubuhi ya London, wao wakiwa kwenye baridi, kwetu ni saa sita mchana. Majira yao ya joto ni saa tano. Meli ikifika asubuhi kwa wakati, unaoga, unakunywa chai, unapima mtandao wa pale ulipofikia na bado hujachelewa kikao.

SatoMkavu
"Ikifika kwa wakati" 😂 Mkuu, siku ya meli usipange kikao.