UKOO WA BARABARA YA 12 🏠: suala la paka na makarai

JUMATANO

Da Rukia 06:52
Assalaam alaykum familia. Jana usiku nimeongea na Zai kalia kwenye simu. Paka kakojoa tena kwenye msala wa Bibi wa kuswalia na safari hii kaingia mpaka kwenye kapu la nguo za mtoto ambazo zilishafuliwa zikakunjwa. Jambo hili tulimalize leo leo, kila mtu aandike hapa anatoa nini

Da Rukia 06:55
Paka ni watatu. Wanaofuga ndani wanasema karai moja la mchanga kwa kila paka na moja la ziada. Kwahiyo tunataka makarai manne

Da Rukia 07:15
Naona watu wamesoma hawajibu

Hamisi 07:20
Manne?? 😂 nyumba ile watu saba choo kimoja

Hamisi 07:20
Tunapanga foleni na ndoo mkononi halafu paka watatu wana vyoo vinne, kimoja cha wageni

Idi 07:22
😂😂😂 cha wageni

Da Rukia 07:24
Hamisi mzaha asubuhi sitaki. Yule paka dume Sultani analala mlangoni mwa stoo makusudi, paka mzee Bi Kizee hapiti, akishindwa kupita ndo anamaliza haja popote. Na yasiwekwe yote sehemu moja kama viatu mlangoni mwa msikiti, yakiwa pamoja kwa paka hilo ni karai moja tu. Moja stoo, moja ukumbini nyuma ya mlango, moja uani chini ya bati, la nne tutatafuta pa kuliweka. Jikoni hapana ndo wanakolia chakula

Abuu 07:41
Shkamooni wote. Lile beseni la bluu lipo ila halina mchanga. Alafu Da Rukia, Sultani tangu jana jioni anaingia kwenye beseni anachuchumaa anatoka anarudi tena. Hatoi kitu. Analia

Hamisi 07:43
Anadaiwa uyo

Idi 07:43
mpe papai bivu

Idi 07:44
mi nikila makande nakuwa hivo hivo nachuchumaa nasoma na magazeti

Hamisi 07:45
😂😂😂 Sultani mletee gazeti

Da Rukia 07:50
Rudini kwenye mada!! Beseni kubwa la plastiki hapo Tanga sokoni Ngamiani ni 6,000 mpaka 8,000. Mchanga wa paka wa dukani, ule unaoganda ukikojolewa, nimeuliza hapa Dar mfuko mkubwa wameniambia 45,000

Hamisi 07:52
45,000 ya kukojolea

Hamisi 07:52
Dada kwa hela hiyo napata mkokoteni mzima wa mchanga na mwenye mkokoteni namlisha chai na vitumbua. Mi jioni napita Raskazone nawachotea wa baharini bure, kiroba kizima

Shangazi Mwanaidi 08:30
Kiroba

Shangazi Mwanaidi 08:36
Mimi nilikuwa nasoma tu nimenyamaza zangu huku Muheza lakini kiroba na paka vikitajwa pamoja kwenye ukoo huu moyo unanienda mbio kwa sababu yule paka Tausi wa mama hakupotea Tausi aliwekwa kwenye kiroba cha mchele siku ya arobaini ya baba watu wanagawa sahani za pilau na wiki ya pili yake ameonekana Deep Sea anagombania utumbo wa samaki na paka wa wavuvi shingoni ana kile kipande cha kanga alichofungwa na mama kwa mkono wake mtu akatuambia mmefananisha sasa kanga nayo tumefananisha

Mama Nasra 08:41
_Ujumbe huu umefutwa_

Hamisi 08:41
Nimewahi kuusoma 👀

Da Rukia 08:44
Jamani jamani. Shangazi shikamoo. Hayo yalishaongelewa

Shangazi Mwanaidi 08:47
Marahaba. Yaliongelewa na nani mimi sikuwepo. Na sikutaja jina la mtu

Mama Nasra 08:49
Wifi jina hutaji lakini kila sikukuu ya Idi sahani ikipita unanitazama mimi

Da Rukia 08:50
Basi yaishe. MAKARAI. Mpaka sasa nimechangia mimi peke yangu

Shangazi Mwanaidi 09:02
Na ukweli mwingine nauweka hapa hapa wale paka hawakuwa na shida yoyote walikuwa wanafukua mchanga chini ya mwembe wanafunika wanaondoka miaka yote hiyo hakuna aliyesikia harufu nani aliyechangisha watu hapa hapa kwenye hii grupu tukapanga pevingi uani kote mpaka kwenye shina la mwembe. Paka afukue tofali kwa kucha

Da Rukia 09:10
Pevingi ilikuwa kwa ajili ya Bibi asiteleze kwenye tope Shangazi, na wewe ulitoa 20,000

Shangazi Mwanaidi 09:11
Nilitoa ndiyo. Nilijua mtaacha mduara wa mwembe

Zai 11:28
Shkamooni. Mimi makarai nataka, ila mseme nani atazoa. Nesi wa kliniki kaniambia mjamzito asishike kinyesi cha paka. Abuu anaondoka kwenda dukani saa mbili anarudi usiku. Bibi hawezi kuinama. Mkileta makarai manne mkaondoka mtakuwa mmeniletea vyoo vinne vya kunuka

Idi 11:35
si watolewe tu mpaka ujifungue? kuna jamaa yangu ana gari la mizigo linaenda pangani

Zai 11:36
Sijasema watolewe Idi usinilishe maneno

Da Rukia 11:40
Wazo la Idi tulijadili, sio kwa ubaya

Nuru 13:07
Assalaam alaykum. Nilikuwa kijijini huku Handeni tunachanja ng'ombe, mtandao hakuna. ABUU. Sultani amekojoa?

Nuru 13:07
Nani yupo nyumbani?

Nuru 13:08
Hilo sio la papai. Paka dume akichuchumaa mara kwa mara hatoi kitu na analia, njia ya mkojo imeziba. Mkojo unarudi kwenye figo, anaweza akafa ndani ya siku moja au mbili. Na kaanza jana jioni. Mmeambiwa saa moja asubuhi mkacheka

Zai 13:10
Nipo. Kalala chini ya kochi. Nimemwita hatoki. Kuna kitone cha pinki kwenye sakafu

Nuru 13:11
Usimvute wewe. Na mtu asimminye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Anahitaji bwana mifugo mwenye mpira wa kuzibulia, sasa hivi

Hamisi 13:12
Niko barabara ya 8 naja na bodaboda. Namweka kwenye nini

Hamisi 13:12
Msiseme kiroba

Zai 13:13
Kuna kapu la ukili la Bibi la sokoni lina mfuniko

Da Rukia 13:15
Hamisi ukifika tuambie. Nuru kwani ni huu mkojo anaomwaga mwaga ndo ugonjwa?

Nuru 13:31
Vinaweza kuendana. Karai likiwa chafu au likiwa mbali, paka anajizuia anakunywa maji kidogo, na dume njia yake ni nyembamba. Paka anayeanza ghafla kukojoa kwenye msala usimpige, kwanza uliza karai lina hali gani na yeye mwenyewe anaumwa nini. Hilo beseni la bluu halina mchanga, Abuu kasema, sasa angekojoa wapi zaidi ya kwenye kitu laini?

Nuru 13:38
Mchanga wa baharini Hamisi acha. Una chumvi, haukauki, siku ya pili unanuka. Chukua wa mtoni mkavu mchekeche mawe, au maranda ya kwa seremala ila yale mapana, vumbi la msumeno linawaingia puani. Weka kina cha vidole vitatu. Ule wa dukani unaoganda ni mzuri maana unaokota bonge la mkojo unabaki mkavu, ila mtu asije akaumwaga chooni, unavimba na kuziba bomba, hapo ndo mtachanga vizuri

Idi 13:40
😂

Nuru 13:44
Na Zai, nesi kasema kweli ila usiogope. Vile vijidudu vinavyodhuru mimba, kinyesi kikitoka haviambukizi papo hapo, vinahitaji siku moja mpaka tano ndo vikomae. Kwahiyo kikizolewa kila siku bila kuruka hatari inashuka sana. Wewe usizoe. Siku ukikosa mtu kabisa vaa glavu, ukimaliza nawa kwa sabuni. Na mishikaki ya jioni ambayo katikati bado ni nyekundu inaambukiza ugonjwa huo huo, na mchicha usiooshwa, mbona hiyo hakuna aliyekukataza

Zai 13:46
Mishikaki tena 😩

Nuru 13:47
Iive

Da Rukia 13:55
Vizuri sana Nuru. Kwahiyo natoa ratiba. Abuu Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi kabla ya dukani. Jumamosi na Jumapili mtu wa nje aje. Makarai yanunuliwe leo, la ukumbini ndo lianze

Nuru 14:01
Kwa Bi Kizee msinunue beseni, mdomo wake uko juu na magoti yake hayapandi. Abuu chukua dumu la mafuta la lita 20, lioshe, likate ubavuni, upande mmoja uwe chini kabisa kama vidole vinne. Makali ya plastiki yalainishe kwa kisu cha moto asijikate. Hilo linamtosha yeye. Sultani ni mrefu, kwake ni beseni kubwa, akigeuka mkia usiguse ukingo

Hamisi 14:20
Tumefika. Kaninyea mgongoni njiani

Hamisi 14:20
Siongei zaidi

Zai 15:02
Bibi kasomewa yote. Anasema niandike anavyosema, nisipunguze

Zai 15:09
"Paka si najisi. Tumefundishwa chuoni tangu wadogo kuwa hao ni katika wenye kuzunguka kwenu. Mkojo wake ndio najisi, na najisi inaoshwa. Msala wangu nimeuosha mara mbili sikumlalamikia mtu, mmelalamika nyinyi. Huyo mwenye gari la Pangani aendelee na safari yake. Siku Tausi alipotolewa nilikuwa eda, sikuweza kufungua mlango kwenda kumtafuta, na aliyefanya alijua kuwa siwezi. Nilinyamaza. Nyumba hii haitoki paka mwingine nikiwa hai. Na karai ukumbini sitaki, ukumbini napokea watu. Ng'oeni mawe chini ya mwembe, paka warudishiwe mchanga wao."

Idi 15:11
Shikamoo Bibi. Nisamehe nilikuwa natania

Abuu 15:15
Sawa Bibi

Binti Chuma 15:16
Sawa Bibi

Amu Jabiri 15:20
Naam mama. Imepita

Hamisi 15:21
Amu Jabiri kumbe yupo kwenye grupu 😳

Shangazi Mwanaidi 15:30
Mama nimekusikia

Da Rukia 15:48
Shikamoo Bibi, tumesikia. Ila jamani mawe yaking'olewa pale maji ya mvua yatazama chini na kazi yote itatitia, fundi alisema. Tungeacha hata mpaka masika yaishe

Shangazi Mwanaidi 15:50
Rukia

Da Rukia 15:52
Sijakataa Shangazi nasema tu

Nuru 16:10
Ng'oeni mduara wa mwembe tu, sio uani kote. Mchana watatoka huko. Usiku mlango unafungwa kwahiyo ndani lazima yabaki mawili, moja stoo na moja koridoni mwisho, sio karibu na mashine ya maji, ikiunguruma wanakimbia. Na huo mchanga wa mwembe uchambuliwe kila siku vile vile, watoto wanachezea hapo

Zai 16:14
Koridoni mwisho ndo mlangoni kwangu

Nuru 16:15
Eh

Da Rukia 16:15
Hilo tutaliona

Hamisi 16:40
Bwana mifugo kamwekea mpira. Mkojo umetoka mwingi wenye damu, wallahi sikujua paka anabeba maji yale. Anasema abaki hapa mpaka kesho kutwa aangaliwe kama anakojoa mwenyewe. Anataka 60,000

Hamisi 16:55
Naona watu 19 wamesoma

Da Rukia 17:03
Nimekutumia 30. Iliyobaki nani?

Idi 17:30
mwisho wa mwezi

Salim Muskat 18:12
Waalaikum salaam ndugu zangu nilikuwa kazini. Sijasoma zote. Huku kuna makarai ya kisasa yana paa na mlango wa kusukuma, na mchanga unanukia waridi. Kuna mtu anakuja mwezi ujao namfungia kwenye mzigo, niambieni mangapi

Nuru 18:20
Salim ahsante ila paa hapana, harufu inajikusanya ndani na Sultani atamvizia Bi Kizee mlangoni. Na waridi ni pua yako wewe, paka anaikimbia anarudi kwenye msala. Tuma hela ya bwana mifugo

Salim Muskat 18:21
Bwana mifugo gani? Nani anaumwa?

Hamisi 18:22
Panda juu usome 😂

Zai 18:40
Nuru harufu kwenye msala wa Bibi bado ipo. Nimwagie jiki?

Nuru 18:42
Usithubutu, jiki na mkojo vinatoa mvuke unachoma kifua, na wewe una mimba. Maji ya siki kwanza, yakae, kisha sabuni, uanike juani kutwa nzima

Abuu 20:37
Dumu nimekata moja. Bi Kizee kaingia kalala humo

Hamisi 20:38
😂😂😂 kapata chumba

Da Rukia 20:45
Abuu mtoe umwagie mchanga. Salim 30 nimeiona imefika kwa Hamisi, Mungu akuzidishie. Sasa makarai mawili bado hela, mawe ya mwembe bado fundi, koridoni bado hatujaelewana, na zamu za Jumamosi na Jumapili hazina jina

Da Rukia 21:10
Jumamosi?

Mama Nasra 21:26
Jumamosi niandikeni mimi

Shangazi Mwanaidi 21:31
Haya

Da Rukia 21:32
Ahsante Mama Nasra. Jumapili?

Hamisi 21:50
Jumapili nina mechi

Da Rukia 21:51
Mechi gani wewe