Vans za Van Gogh, Vans za MoMA au Dr. Martens za Basquiat? Nina nafasi ya pea moja

kitante_juu
Hamjambo wote. Dada yangu anarudi kutoka London wiki ijayo na begini mwake amenibakizia nafasi ya pea moja tu. Nimekwama kwenye tatu: raba za Vans walizotoa na makumbusho ya mchoraji Mholanzi Van Gogh mwaka 2018, Vans za MoMA, yale makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, za 2020, na buti za Dr. Martens zenye michoro ya Basquiat, mchoraji wa Marekani. Zote amezipata kwa watu. Anataka jibu kabla ya Jumapili. Nichukue zipi?

fundi_wandegeya
Saizi gani? Bei? Mpya au zimevaliwa? Za kuvaa au za kabatini? Hujasema lolote, ssebo, tutapiga ramli tu.

nnalongo_ntinda
Van Gogh. Tena ukipata zenye maua ya mlozi usiulize mtu. Mchoro ule wa 1890 aliufanya uwe zawadi ya mtoto wa mdogo wake Theo, aliyepewa jina la baba yake mkubwa, Vincent. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya kuanzishwa kwa makumbusho ya Amsterdam, yaliyofunguliwa 1973. Unavaa habari ya ukoo mzima.

mzee_wa_raba
Mimi MoMA. Watu wanakimbilia saa zinazoyeyuka za Dalí na mayungiyungi ya Monet, lakini mle yumo pia Faith Ringgold, mama Mmarekani mweusi aliyeweka simulizi za watu wetu kwenye vitambaa vya kushona. Nafasi ya kumvaa msanii kama yule haiji kila siku.

kitante_juu
Samahani, niliandika kwa haraka. Ni za kuvaa. Bajeti ni shilingi za Uganda 450,000. Van Gogh hazijaguswa, zimo kwenye boksi lake tangu 2018. Basquiat zimevaliwa kidogo.

busia_mpakani
Ndugu yangu, hapo penye "boksi tangu 2018" ndipo nilipoumia mimi. Nilinunua raba za turubai zenye alizeti, za zamani lakini hazijavaliwa, kutoka kwa muuzaji wa kwenye simu. 380,000. Nilipozifungua niliona raha kweli, rangi kali, harufu ya dukani bado ipo. Nikaziweka zisubiri kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, ya rafiki yangu kule Masaka. Siku ilipofika tukashuka kwenye gari, tukapanga mstari, na kabla hatujalifikia hema nikahisi mguu wa kulia unaburuta. Ule utepe wa mpira unaozunguka kiatu ulikuwa umeachia upande mzima. Gundi ilikuwa imekauka miaka yote ile, ikawa kama unga. Nilipopiga magoti kusalimia wazee, na wa kushoto ukaachia. Nilikaa shughuli nzima nimekunja miguu chini ya kiti. Nikampa fundi mmoja wa barabarani, akapaka gundi kali ikavuja juu ya alizeti na kuziacha na madoa meusi. Muuzaji alinifungia namba. Mwambie dada akunje kiatu, kisha abonyeze utepe kwa kidole gumba pande zote. Kikilia, akiache hukohuko.

fundi_wandegeya
Busia kasema kweli. Vans ni mpira uliopikwa pamoja na turubai, hakuna uzi unaoshika soli. Kiatu cha kuvaliwa hukaa vizuri kuliko kinacholala. Dr. Martens ile ya matundu nane imeshonwa kwa uzi wa njano pembeni, ukikatika naushona tena. Kwa vumbi letu jekundu na mvua za Aprili, chukua Basquiat. Ukipata za turubai, usizitie dawa ya kung'arisha kama Jik wala usizianike juani. Sabuni kidogo, kivulini.

nnalongo_ntinda
Ngozi nzito jua la Februari? Miguu itachemka.

makerere_kilimani
Niwarekebishe kidogo. Basquiat hazikutoka makumbusho yoyote, ni kibali cha warithi wake. Na Van Gogh alifariki 1890, michoro yake haina mwenye haki tena, hata mimi naweza kuichapa kwenye kandambili. Mnacholipia ni jina la makumbusho tu.

nnalongo_ntinda
Jina tu? Vans walitangaza kwamba sehemu ya mapato itasaidia kutunza urithi wake. Na ukitoa rangi sawasawa na picha halisi, hiyo ni kazi, si jina. Halafu mjue kwamba mwaka 1886 alichora pea ya buti kuukuu, na picha hiyo imo humohumo Amsterdam. Inasimuliwa kwamba alizinunua kwenye soko la mitumba Paris, akazitembeza matopeni kwenye mvua ndipo akakaa kuzichora.

mzee_wa_raba
Nnyabo, hilo sikulijua! Basi angejisikia nyumbani pale Owino, soko letu la mitumba Kampala. Sasa mbona Makumbusho ya Uganda, yaliyopo tangu 1908, hayana hata kiatu kimoja cha namna hii? Tuna lubugo, kitambaa cha gome la mti, UNESCO iliutambua 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Rangi ile ya udongo kwenye raba nyeupe, ningelipa 450,000 leo hii.

makerere_kilimani
Lubugo ukilowa hulegea. Si kitu cha barabarani.

busia_mpakani
Sehemu ya juu tu, na ndani kitambaa kigumu. Inawezekana.

kitante_juu
Nimempigia dada. Kumbe za Van Gogh zipo za namna mbili: zenye fuvu zinalia kidogo kisigino, zenye maua ya mlozi hazilii. Sasa kanichanganya zaidi.

fundi_wandegeya
Saizi bado hujataja. Na nani anamjua mgonga lubugo wa kule Masaka anayeuza kipande kinene? Nina soli mbili za 42 hapa kibandani, nataka nijaribu wiki hii.