Msaada: leza inakata foamu nyeusi tu, za rangi zinagoma. Na hizi za rangi mnazipata wapi?

Mwalimu_wa_Awali:

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Morogoro, nafundisha awali, na pembeni natengeneza herufi na namba za foamu za kujifunzia watoto. Nilikuwa nakata kwa wembe mpaka kidole gumba kikaota sugu. Nikajibana, nikanunua leza ndogo ya dayodi, wati 5, ile ya mwanga wa bluu.

Sasa foamu nyeusi ya milimita 3 inakatika bila shida. Nyeupe na njano inaacha mstari wa kahawia juujuu, hata nikirudia mara sita. Halafu kuna nyekundu niliyonunua duka jingine, muuzaji akaniapia kuwa ni ileile. Hiyo inakatika, ila harufu yake inachoma pua na macho yanatoka machozi. Wiki iliyopita nimeona skrubu za reli zimeanza kutu, na mashine haijamaliza miezi miwili.

Kuna jirani ana leza ya CO2 (ile ya gesi ya kaboni dioksidi) ya wati 40, amekubali kunikatia ila amesema hiyo nyekundu nisiivushe mlangoni kwake. Nikamuuliza kwa nini, akacheka tu.

Pia huku napata zile za A4 za stationery, milimita 2, nyingi zina pambo la kumetameta. Nataka 3 na 5, rangi za kueleweka. Nawasilisha.

FundiMihuri:

Mkuu, hiyo nyekundu usiikate tena hata kipande kimoja. Soma hapa kabla hujaendelea na mengine.

Dukani neno "foamu" linabeba kila kitu kilicho laini. Unayoitaka wewe inaitwa EVA, ndiyo hiyo ya ndala na soli za raba. EVA ina kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, ukiikata kwa leza inanuka kama mshumaa uliozimwa, ukifungua dirisha na kuwasha feni maisha yanaendelea. Ila zipo foamu za PVC, plastiki ile ya mabomba ya maji, na PVC ina klorini. Ukiichoma inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Unyevu wenyewe uko kwenye macho yako, kwenye mapafu yako na juu ya hizo skrubu. Ndiyo kutu unayoiona. Jirani yako anaogopea vioo na lenzi zake, na yuko sahihi.

Jipime mwenyewe: chukua waya wa umeme wa shaba, menya kama sentimita tano, shika mwisho mmoja kwa koleo. Uchome kwenye moto wa jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi nyingine. Ukiwa bado wa moto uguse kwenye foamu ili ubebe kidogo, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini, tupa. Usipogeuka, hofu kubwa imeondoka. Fanyia nje. Na jiko la mkaa halifai, rangi hutaiona.

Neoprini, lile la suti za wazamiaji, nalo lina klorini, usije ukaletewa kama "foamu imara". Sponji la godoro ni poliyurethani, linadaka moto upesi na moshi wake unaweza kuwa na sianidi. Hilo kata kwa kisu.

Mwalimu_wa_Awali:

Mungu wangu. Na nilikuwa nakatia chumba cha kulala.

(Mimi ni mama, lakini "mkuu" nimeipokea.)

Nuru_ya_Bluu:

Pole mama. Suala la nyeupe na njano nakujibu mimi, maana nimeteseka nalo mwaka mzima.

Dayodi yako inatoa mwanga wa nanomita 450 hivi, bluu inayoonekana kwa macho. Nyeusi inaumeza wote ukawa joto. Nyeupe inaurudisha. Bluu yenyewe nayo inasumbua kwa sababu hiyohiyo. Kupaka maka peni nyeusi kwenye mstari kunasaidia, lakini ujue unafungua mlango tu, ndani bado ni nyeupe. Milimita 2 utapita, 5 sahau.

CO2 ni habari nyingine. Ule mwanga ni wa maikromita 10.6, macho hayauoni, na kwake foamu nyeupe na nyeusi ni karibu kitu kimoja. Mpelekee jirani. Mimi kwenye wati 40 nakata EVA ya milimita 3 kwa nguvu asilimia 35, milimita 20 kwa sekunde, kampresa ya hewa ikipuliza muda wote. Aanzie hapo kwenye kipande cha kutupa, maana kila mashine ina tabia zake. Ukingo ukitoka unang'aa na unanata, anakwenda polepole mno. Aongeze kasi, hata ikibidi apite mara mbili. Kwa ya 5, ashushe fokasi, pale mwanga unapokutana, mpaka katikati ya unene, la sivyo herufi itatoka juu nyembamba chini nene.

Na asiondoke kwenda kunywa chai. EVA inashika moto. Ndoo ya mchanga au kizimia moto kiwe karibu.

Zile za pambo kata ukiwa umezigeuza mgongo juu, ila na zenyewe zipitishe kwenye waya kwanza.

MkataSoli:

Upatikanaji sasa. Mama achana na stationery. Nenda maduka ya vifaa vya mafundi viatu Kariakoo, ulizia "raba ya soli ya EVA". Wana shiti kubwa, unene tofauti, ila rangi mara nyingi ni nyeusi, nyeupe, kahawia. Bonyeza kwa ukucha kabla hujalipa: alama ikirudi haraka ni nzuri, ikibaki shimo ni ile iliyojaa hewa, herufi zitakunjana kama chapati.

Rangi za watoto zipo kwenye mikeka ya puzzle, ile miraba ya kushikana meno. Nyekundu, njano, kijani, bluu, mara nyingi ni EVA na unene ni milimita 10 hivi. Mimi naipasua katikati kwa kisu kirefu nikiilaza kati ya mbao mbili, napata mbili za 5. Upande mmoja unabaki na vijistari, upande wa pili laini. Wateja hawajawahi kulalamika.

Mikeka ya yoga usinunue kwa kazi hii. Mingi ni PVC.

Shangazi_Kaloleni:

Huku kwetu Kenya watu wanaokota slipa zilizotupwa na bahari, pande za Lamu hadi Kiunga, zinaoshwa, zinagandishwa pamoja halafu zinachongwa ndovu na twiga. Rangi zote za dunia bure. Lakini kwa leza sikushauri, mchanga umo ndani na gundi hujui ni ya aina gani. Ni kisu na msasa. Ukiwa Nairobi pita Kariokor kwa watu wa viatu, mabaki ya soli utayapata kwa bei ya kuongea.

Bila_Leza:

Nitapigwa mawe lakini nasema. Kama herufi ni zilezile kila siku, leza ya nini? Nenda kwa mafundi chuma wa Gerezani, Dar, wakupindie bapa la chuma lenye makali umbo la "a", uligongelee kwenye ubao. Weka juu ya EVA, bana kwa presi. Hakuna moshi, hakuna ukingo wa kunata, nyeupe na nyeusi sawa. Soli za ndala zinakatwa hivyo.

MkataSoli:

Hajakosea. Ila herufi 24 na namba 10 ni mabapa 34. Kwa majina ya watoto na maumbo mapya leza inabaki juu.

Mwalimu_wa_Awali:

Mrejesho. Nimejaribu waya uani kwa jirani, watoto wote wakaja kutazama. Nyeupe, njano na nyeusi: hakuna kitu. Nyekundu: moto ukawa kijani kama taa ya barabarani. Nimeitupa yote. Skrubu nimebadilisha, reli nimefuta kwa mafuta ya cherehani. Njano imekatwa kwa CO2, ukingo safi hadi raha.

Nimenunua mkeka wa puzzle, nautumia kesho. Kuna la kuangalia?

FundiMihuri:

Mkeka mpya uanike siku kadhaa penye upepo kwanza. Ubelgiji mwaka 2010 waliizuia mikeka hiyo kwa sababu ya kemikali ya formamaidi inayobaki ndani ikiwa mipya. Na wale wadogo wa chini ya miaka mitatu usiwaachie vile vipande vidogo vinavyotoka katikati ya "o", "a" na "b". Ukubwa wake ni wa kooni kabisa.

Mwalimu_wa_Awali:

Vipande hivyo nilikuwa nawapa kama vitu vya kuhesabia! Navikusanya leo hii.