Naomba ushauri: niache kazi ya kitalu cha miche sasa, au nisubiri masika yaishe?

Kijana wa Kitalu (mwanzisha uzi)

Wakubwa wote shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Nimeajiriwa katika kitalu cha miche kilicho kandokando ya barabara, upande wa Mbezi Beach. Tunauza miembe na michungwa ya kubebesha (yaani mche wa kokwa uliounganishwa na kikonyo, kijiti kilichokatwa kwenye mti mzuri), mipapai, michongoma ya uzio, bogenvilia na ukoka wa kupanda uani. Wanaopita na magari huona kivuli na maua tu, lakini kazi yenyewe mwezi huu wa Februari ni kuchanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza, kujaza viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, na kumwagilia asubuhi na jioni, kwa sababu kiriba ni kidogo na jua la kaskazi hukikausha mara moja. Mvua za Machi zikianza, wateja hujaa, maana kila mwenye kiwanja anataka mche wake ushike mizizi kabla Mei haijaisha.

Tatizo langu ni mama mwenye kitalu. Ameleta parachichi za Hass kutoka Njombe na anataka niwaambie wateja kwamba zitazaa hapa Dar es Salaam kama zinavyozaa huko, ilhali kila mwenye kazi hii anajua kwamba Hass ni mti wa nyanda za juu zenye ubaridi na kwamba joto la pwani haliufai. Dhamiri inanisuta. Je, niondoke sasa kabla ya msimu, au nivumilie hadi Juni?

Bibi wa Kimara

Mwanangu, riziki ya uongo haina baraka, ondoka. Mimi niliuziwa mwembe wa kubebesha na kijana mwenye maneno matamu kama yako, nikaumwagilia kwa maji ya kununua, na miaka ikapita bila ua hata moja. Jirani alipokuja kuutazama aliniuliza kovu la kiungo liko wapi kwenye shina, tukalitafuta na hatukuliona. Kumbe ulikuwa mche wa kokwa tu, haukubebeshwa. Tangu siku hiyo sinunui mche kabla sijainama na kupapasa shina lake, hata muuzaji akinuna.

Mstaafu Tabata

Kijana, kama unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka utoe taarifa ya siku zisizopungua 28, hata kama hamkuandikiana mkataba. Hata hivyo, kuna jambo sijalielewa. Mtu anayesutwa na dhamiri huondoka siku yoyote, lakini wewe unauliza kuhusu kabla na baada ya msimu. Kuna nini mwezi Machi?

Dereva wa Goba

Ninayo parachichi ya aina hiyo uani kwangu. Matunda sijawahi kuyaona, ila naegesha bajaji chini yake na kiti hakiungui, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nilidhulumiwa moja kwa moja.

Kijana wa Kitalu

Nawashukuru nyote. Mzee Mstaafu, nalipwa kwa mwezi na hatukuandikishana. Kuhusu Machi, nilitaka tu kujua ni wakati gani ulio wa heshima kuondoka.

Mstaafu Tabata

Hujajibu. Nakuuliza tena: kuna nini mwezi Machi?

Kijana wa Kitalu

Basi niseme, ingawa naona halihusiani na swali langu. Kuna mama mmoja mwenye shamba Kigamboni aliyefika kitaluni mwaka jana kuulizia miembe ya Kent na Apple. Tulizungumza, akapenda nilivyomweleza, tukaelewana kwamba nitamwandalia miche 200 mimi mwenyewe, na ameshanipa malipo ya awali. Miche ipo Chanika, katika kitalu kidogo nilichokianzisha, na mashimo yake yameshachimbwa yanasubiri mvua. Nikikaa hadi Juni, mvua zitakuwa zimekatika.

Kabla hamjanihukumu, naomba mzingatie kwamba mteja alivutiwa na maelezo yangu, si na bango la mtu. Vikonyo nilivikata kwenye miti mama ya pale kazini, ndiyo, lakini matawi yale hupunguzwa kila msimu na mengi huishia jalalani. Mshahara wangu haujaongezwa tangu nianze, na kubebesha nilijifunza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mstaafu Tabata

Ulijifunza kwa mikono yako, kwenye miche ya nani? Mteja aliingia kwa mlango wa mwajiri wako, na vikonyo vimetoka kwenye miti ya mwajiri wako. Mweleze mama mwenye kitalu kabla hajaelezwa na mwingine, kisha mkubaliane gharama ya vikonyo au umlete mteja kwenye daftari lake na wewe ulipwe kamisheni.

Mpambanaji wa Buza

Wazee mnamwonea. Hakuna mwenye kitalu aliyezaliwa na kitalu mkononi. Nenda kawaulize wote waliopanga viriba barabarani walianzia wapi, utasikia kila mmoja alikuwa kijana wa mtu. Ila kaka, kabla hujaanza kuuza kwa jina lako, fika TOSCI ukaulize masharti, kwa kuwa ndiyo inayosimamia ubora wa mbegu kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Usitandaze biashara yako ndani ya hifadhi ya barabara pia. Mimi nilikuwa na banda la chipsi, na siku greda lilipokuja halikuniuliza nilianza lini.

Bibi wa Kimara

Kwa hiyo dhamiri inayokusuta ni ya parachichi tu, ya vikonyo imelala?

Mchunguzi

Wanajukwaa, naona mnakunywa chai bila kuuliza nani kaichemsha. Miembe hupandwa kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, yaani kama miti 40 kwa ekari, hivyo miche 200 ni ekari tano. Mwenye ekari tano Kigamboni anampa oda kijana wa kumwagilia maji? Pili, kokwa za msimu huu zimeliwa juzi tu Desemba na Januari. Miche yake haiwezi kuwa na shina la unene wa penseli, ikabebeshwa na kuwa tayari kwa shamba mwezi Machi. Tatu, anamwagilia Mbezi asubuhi na jioni. Chanika anamwagilia nani? Hili ni tangazo lililovikwa kanzu ya ushauri. Subirini namba ya simu.

Dereva wa Goba

Nami nilishangaa anavyojua kupanga maneno.

Kijana wa Kitalu

Sijaweka namba na sitaiweka. Kokwa ni za msimu uliotangulia, za embe za kienyeji, na nilizibebesha baada ya vuli. Mdogo wangu ndiye anayemwagilia. Nilibebesha zaidi ya 200 kwa sababu nilijua baadhi ya vikonyo vitakauka, na vimekauka.

Mchunguzi

Weka picha ya viungo basi.

Kijana wa Kitalu

Nikiweka picha, mama ataitambua kazi yangu kabla sijazungumza naye.

Mchunguzi

Haya, nieleze: kile kimfuko cha nailoni unachokifunikia kikonyo, unakiondoa lini?

Kijana wa Kitalu

Machipukizi yakishafunguka na kuanza kugusa nailoni. Nakiondoa jioni, mche ukiwa bado kivulini, ili jua lisiyababue majani machanga. Utepe wa kwenye kiungo nauacha hadi kishikane vizuri, kisha naukata usije ukakaba shina.

Mchunguzi

Kubebesha unajua, nakubali. Habari za mwenye ekari tano bado sijaziamini.

Mstaafu Tabata

Awe wa kweli au wa kubuni, siku 28 zinahesabiwa kuanzia siku barua inapopokelewa, si siku unapoanza kuifikiria. Tarehe ya leo unaiona.

Dereva wa Goba

Samahani kwa kukatiza. Nahitaji miche kumi ya Kent ya kupanda nyuma ya nyumba mvua zikianza. Ninunue kwa mama au kwako?

Kijana wa Kitalu

Kwa sasa nunua kwa mama, kaka. Nipo zamu hadi saa kumi na mbili jioni.